Inchi Mbili Kuelekea Majini

Nyumbani, 4 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Mwanangu hajambo, kila Jumapili ananipigia kunikumbusha kwamba ana chumba cha wageni. Bwana wako msalimie sana. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mimi na wewe huanza kugombana kabla salamu hazijaisha, na jambo hili linataka watu wawili waliotulia.

Ziwa limeingia ndani. Tumezoea kuloweshwa miguu, lakini safari hii maji yalipanda mpaka usawa wa dirisha, na yaliporudi yalikwenda na ukuta wote wa mbele, baraza na nusu ya bati. Cherehani niliiokoa, niliibeba kichwani mwenyewe na goti hilihili. Kwa sasa nalala kwenye kibanda changu cha kushonea pale barabarani. Usinionee huruma, godoro ninalo.

Siku ya pili alikuja bwana mmoja wa ofisi ya ujenzi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, rula ya chuma mfukoni na kopo la rangi nyekundu mkononi. Akauchora ukuta wa nyuma X kubwa, ule ukuta aliouinua baba yako kwa mikono yake. Majirani wote wa ukingoni wamekubali viwanja kule mlimani, karibu na machimbo ya kokoto, wakahama. Tumebaki mimi na vyura. Nikamuuliza huyo Bwana Rula, nikitaka kubaki je? Akasema, "Mama, haiwezekani." Nikamwambia, mimi nimeolewa katika nyumba hii, nimezalia humu, na jeneza la mume wangu limetokea mlango ule pale. Sitoki kwa kopo la rangi.

Sasa wewe ni mchoraji ramani. Umechora majumba ya watu miaka yote hiyo, ya kwenu hujachora hata kibanda cha kuku. Nichoree nyumba ambayo Bwana Rula atashindwa kuikataa.

Mke wa kaka yako

*

Huku mbali, 27 Machi

Wifi,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Pole sana. Najua hutaki pole, ipokee hivyo hivyo uiweke pembeni. Mimi niko salama, kazi nyingi, mvua hapa zimekatika.

Nimeziagiza sheria za ukingo kutoka ofisini kwao na nimezisoma zote. Wanaoziandika hawampendi mtu anayekaa karibu na maji, hilo nimelielewa. Nyumba mpya hairuhusiwi kabisa. Ya zamani inaruhusiwa kukarabatiwa, ikiwa zaidi ya nusu ya kuta zake za zamani bado zimesimama. Zikibaki nusu tu, basi hiyo si nyumba tena, ni kifusi, na kiwanja kinarudi kwao. Kwa hiyo nijibu hili kwanza: kuta gani zimesimama, na ziko katika hali gani? Usinifiche.

Haya, wakikubali ukarabati, huwezi kutoka nje ya msingi wa zamani hata kidogo. Sakafu lazima ipande futi tatu ili mafuriko yasiifikie. Na paa lisizidi kimo cha zamani, wapita njia wasizibiwe ziwa. Umenielewa? Chini wamesema panda, juu wamesema usipande. Dari lilikuwa futi kumi, sasa zinabaki saba. Katikati ya hapo ndipo tutakapoishi. Utakapoishi, nilitaka kusema.

Wanadhani mtu akisoma haya atakata tamaa. Mimi nimeyasoma nikatafuta penseli. Nilizaliwa chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, na hakuna karani atakayeniambia kwamba ni kifusi. Nipimie msingi wote, urefu na upana, ukuta kwa ukuta. Pima mwenyewe, usimwachie mtu.

Wifi yako

*

Nyumbani, 15 Aprili

Wifi yangu,

Hatujambo. Goti linakusalimu. Mwanangu sasa anapiga hata Jumatano. Bwana wako hajambo? Hukunipa salamu zake, au ndiyo ukubwa umemzidi?

Kuta zilizosimama ni ya nyuma na mbili za ubavuni. Ya kulia nzima. Ya kushoto ina ufa unaoingia kidole. Kidole changu, si chako. Nimekueleza ukweli, usianze kupiga kelele.

Vipimo ni hivyo nilivyoambatisha. Nimepima mwenyewe kwa utepe wangu wa kazi, nimeingia matopeni mpaka magotini, na watu wa barabarani walisimama kunitazama wakidhani maji yamenichukua akili. Mmoja akaniuliza, "Mama, unaipimia gauni?" Nikamwambia ndiyo, na wewe nitakupimia sanda usiponipisha.

Futi saba hazinitishi. Marehemu kaka yako, Mungu amrehemu, asingeweza. Mtu mliyempa jina la Mlingoti tangu utotoni angekuwa anasalimiana na taa kwa paji la uso kila jioni. Lakini mimi unanijua nilivyo, na wewe pia hukujaliwa. Nyumba fupi ni ya watu wafupi, waache warefu wakakae mlimani.

Ile X nimeipaka chokaa. Bwana Rula alipita akaichora tena. Nimeipaka tena. Chokaa ni rahisi kuliko rangi, tutaona nani ataishiwa kwanza.

Mke wa kaka yako

*

Huku mbali, 20 Mei

Wifi,

Natumai goti limepoa. Mimi mzima. Tafadhali tumia sanduku la posta jipya lililoandikwa nyuma ya bahasha, la zamani nimeliacha.

Wamekubali. Wamerudisha ramani mara mbili, mara wanataka mstari huu uwe mzito, mara wanataka kujua maji ya chooni yataelekea wapi. Nikawajibu kila kitu mpaka wakakosa swali. Hatimaye wamegonga muhuri, na jina langu na leseni yangu viko chini ya ramani, kwa hiyo fuata kila nilichoandika. Kibali kinaisha mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Nyumba isipokuwa na paa siku hiyo, kimekufa.

Nimekuambatishia nakala mbili, moja yako na moja ya mwashi. Utaona madirisha yako chini kuliko kawaida. Nimefanya hivyo makusudi. Dari likiwa fupi, mtu akiketi inafaa aone mbali, la sivyo atajiona yumo sandukuni. Ngazi ya mbele nimeiingiza ndani ya mstari wa msingi, wasipate cha kusema. Kuna chumba chako, chumba cha cherehani, jiko, na ghala.

Ukuta wa kushoto ndio roho ya kibali chako. Ukianguka huo, zilizobaki hazizidi nusu. Mwashi auegemeze kwa miti kabla hajagusa kitu kingine.

Wifi yako

*

Nyumbani, 18 Juni

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa bwana wako, ambaye sasa nimemsalimu mara tatu bila jibu. Huku tuko salama. Mwanangu alikuja mwenyewe, akatazama shimo la msingi, akatazama ziwa, akaniuliza ninachong'ang'ania hapa ni nini. Nikampa chai. Alipomaliza akauliza tena. Nikamwambia, mwanangu, ulipokuwa unajifunza kutembea ulikuwa unashika ukuta ule wa nyuma. Akaondoka jioni. Nampenda, lakini amezoea lifti.

Mwashi ameanza. Ni mtu mzima, hasemi sana, anavuta pumzi kabla ya kila tofali utadhani analiombea. Ukuta wa kushoto tumeuegemeza kwa miti minne. Ukuta wa mbele ameupima kwa ramani yako, akapanua msingi kidogo pale ulipotaka, na sasa umefika usawa wa dirisha. Naukalia jioni nikipumzika, miguu inaning'inia upande wa maji.

Lakini niulize. Hilo ghala lako. Ghala gani lenye dirisha linalotazama ziwa? Ghala gani lenye mlango wake peke yake wa kuingilia chooni? Nina gunia moja la mkaa na mabaki ya vitambaa. Mkaa unataka kutazama mawimbi?

Mke wa kaka yako

*

Huku mbali, 9 Agosti

Wifi,

Mimi mzima. Sitaandika salamu ndefu.

Nimepokea nakala ya amri ya kusimamisha kazi. Ilikuja kwangu kwa sababu leseni ni yangu, na ina tarehe ya mwezi uliopita. Mwezi mzima ulijua, ukanyamaza! Wanasema ukuta wa mbele umetoka nje ya msingi wa zamani kwa inchi mbili, kuelekea majini. Nimerudi kwenye ramani yangu, iko sawa na vipimo vyako. Nimerudi kwenye vipimo vyako, kila kimoja ni namba nzima nzuri, na kila kimoja kinazidi kile walichopima wao. Hakuna kilichopungua hata kimoja. Hilo si kosa la mkono, wifi. Ulifanya nini?

Uliona msingi unapanuliwa "pale nilipotaka", na hukuniuliza kwa nini nitake jambo ambalo mwenyewe nilikwambia ni marufuku. Mimi hapa naitwa kueleza. Nimewaambia kosa ni langu. Sijui kwa nini nimewaambia hivyo.

Na usimwambie mwashi aubomoe bila kuniuliza. Pembe ya ukuta mpya imeshikana na ule wa kushoto. Ukivuta mmoja, unavuta wote.

Nimepiga simu mara nyingi. Hupokei.

*

Nyumbani, 2 Septemba

Wifi yangu,

Nakusalimu. Simu niliisikia. Ningepokea ningelia, na sikutaka unisikie.

Nilipima sawasawa. Macho yangu hayajafika huko. Lakini wewe unajua kazi yangu. Mteja akisimama mbele yangu na mikono juu, nikipata thelathini na sita naandika thelathini na nane, mkono unaandika wenyewe. Maana mtu hupumua, hula, hukaa kitini. Nguo ikimbana atanitangaza sokoni, ikimlegea kidogo atashukuru. Basi na nyumba ilisimama mbele yangu, imevuliwa nguo, inatia huruma, nami nikaipa inchi mbili za kupumulia kila upande. Sikuona hata kuwa nimefanya hivyo mpaka Bwana Rula alipotoa rula yake. Na mwashi aliponiuliza kuhusu kupanua msingi, nikajua wewe umesoma, una sababu zako.

Kwa leseni yako, nisamehe. Kwa hilo naomba radhi kwa moyo wote, na kwa kujitwisha kosa langu sina cha kukulipa. Kwa mengine siombi. Bwana Rula alisimama pale akaniambia, "Mama, umeingia kwenye eneo la ziwa inchi mbili." Nikamwambia, ziwa liliingia kwangu mpaka kitandani na sikuona mtu akiliandikia barua. Aligeuka upande, nadhani alicheka. Kisha akanipa tena ile karatasi ya kiwanja cha mlimani, akaniambia hii ni mara ya mwisho. Nimemfungia nayo vifungo vya shati lake, maana kimoja kilikuwa kimekatika nami nikampa vipya. Aende navyo.

Nguo ikizidi hupunguzwa. Kibali hakijafa, mvua hazijafika. Kesho tunaubomoa ukuta wa mbele na kuurudisha kwenye mstari wake. Najua ulichosema juu ya pembe. Nimekisoma mara mbili, na mwashi nimemsomea. Barua yako ikirudi na katazo itakuta tumeshamaliza, tumejenga au tumeangukiwa.

Mke wa kaka yako

*

Huku mbali, 25 Septemba

Wifi,

Sijui kama ukuta wa kushoto umesimama ninapoandika. Sitapiga simu tena. Ninaogopa jibu, nakwambia wazi.

Kama umesimama, ramani iliyosahihishwa ni hii. Wameikubali, kwa faini ndogo na maneno makubwa. Ukiondoa inchi zako zote, vyumba vimebana. Chumba cha cherehani kilikuwa hakitoshi mtu kugeuka akiwa na meza, kwa hiyo nimekifuta kile chumba cha ziada nilichokiita ghala na kukipa cherehani nafasi yake. Ni busara. Ulisema mwenyewe, mkaa hauna haja ya kutazama mawimbi.

Umeniuliza salamu za bwana wangu. Hazipo. Ana mtu mwingine wa kumletea salamu tangu mwaka jana. Nimepanga chumba karibu na ofisi, kina jiko la kona na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Sikutaka kukwambia wakati umelala kibandani, na mimi sipendi kuhurumiwa kama wewe usivyopenda. Usinijibu juu ya hilo. Nijibu juu ya ukuta.

Wifi yako

*

Nyumbani, 20 Novemba

Wifi yangu,

Nakusalimu nikiwa nimekaa ndani, chini ya bati, na mvua inanyesha juu yangu haiingii. Ilianza jana. Paa lilikamilika juzi. Mwashi amekaa nje kwenye ngazi anavuta pumzi zake, hana tofali la kuliombea.

Ukuta wa kushoto umesimama. Tuliitoa pembe tofali moja moja, kwa patasi ndogo, bila kupiga nyundo kwa nguvu. Kulikuwa na wakati ule ufa ulifunguka, vumbi likamwagika, na mwashi akanipigia kelele nitoke. Sikutoka. Nilikuwa nimeushika mti wa egemeo, na niliogopa nikiuachia. Niliogopa sana, wifi, nisikudanganye. Nikawa nautukana ule ukuta kwa matusi ambayo sikujua ninayo. Ukatulia. Mwashi hanizoei tena tangu siku ile, ananiita "mzee".

Sasa habari ya chumba. Nani alikwambia ufute? Nilipoiona ramani yako mpya nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Umezaliwa humu, umenichorea nyumba nzima, halafu unajifuta mwenyewe na kalamu yako! Nimemwambia mwashi aijenge ramani ya kwanza, ndani kwa ndani, kwa kipimo cha nje cha ramani ya pili. Bwana Rula hupima nje, ndani ni kwangu. Cherehani imebanana, ni kweli. Nikitaka kugeuka natoka kwanza sebuleni. Nimeshona katika sehemu mbaya zaidi, wewe ukiwa shule na karo inatakiwa.

Jana mchana alikuja na cheti cha mwisho. Alipita kila chumba ameinamisha kichwa, ni mrefu maskini, akatoka akapima nje, akapima tena, hakukuta kitu. Kisha akakaa akanieleza sharti ambalo hakuwahi kunieleza, na nadhani lilimwia vigumu. Nyumba za ukingoni hazirithiwi tena. Wanaoandikishwa leo kuwa wakaazi wataishi humu mpaka mwisho wa maisha yao. Wa mwisho akifa, wanaibomoa, hapawi pa mtu tena. Mwanangu hatapata hata tofali. Wifi, iliniuma. Nilitazama ule ukuta wa baba yako nikaona miaka yangu iliyobaki, nami unajua umri wangu, na goti hili. Nilijiuliza nimepigania kitu gani, kumbe nimejijengea kaburi lenye madirisha.

Akashika kalamu. "Wakaazi wangapi, mama?"

Nikamwambia wawili.

Akauliza wa pili ni nani. Nikamwambia ni binti wa aliyeijenga, amezaliwa chumba cha nyuma, ana leseni na sahihi yake unaijua vizuri maana umeikataa mara mbili. Akasema, "Lakini haishi hapa." Nikamwambia ana chumba chake, kakipime. Alikwenda kweli. Alisimama dirishani kule muda mrefu kuliko unaohitajika kupima. Aliporudi akauliza, yuko wapi sasa hivi? Nikamwambia yuko njiani. Akaandika.

Wewe ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Kila mwaka utakaouishi, nyumba ya baba yako itakuwa imesimama, na hakuna kopo la rangi litakaloigusa. Kwa hiyo kula vizuri, lala mapema, na usivuke barabara ukiwa na mawazo. Mimi sikukuandikisha kwa huruma. Nakuhitaji uishi sana, na uishi hapa.

Bwana Rula atarudi mwezi ujao kuhakiki wakaazi, amesema lazima awaone kwa macho. Nimeiambia serikali kwamba uko njiani. Basi uwe njiani.

Wifi yako